Vancouver na Wales: huduma mbili za kuzifungua nyumba zilizofungwa

Miji mingi haina nyumba za kupangisha, na papo hapo ina mitaa ambayo madirisha yake hayafunguliwi mwaka mzima. Serikali zikitaka dawa ya haraka hushika mojawapo ya mbili: kumtoza kodi mwenye nyumba tupu, au kumzuia asiigeuze nyumba ya kuishi kuwa ya mapumziko. Vancouver, Kanada, ilishika ya kwanza mwaka 2017. Wales ilianza taratibu na ya kwanza, ikaongeza ya pili, na Aprili 2023 ikaikaza ile ya kwanza. Hapa tunazipima kama huduma yoyote ya serikali inavyopimwa: mtu anaanzia wapi, anajaza nini, analipa kiasi gani, panavuja wapi, na mwisho wa yote je, kuna mpangaji aliyekabidhiwa ufunguo?

Tuseme mapema kwamba ya Vancouver ni bora. Wengi hutaja ukubwa wa kiwango chake, lakini ubora wake uko kwingine. Vancouver inamtaka mwenye nyumba aonyeshe kwamba nyumba yake ina mtu. Wales, kwa sehemu kubwa ya mfumo wake, inaiachia halmashauri kazi ya kuonyesha kwamba nyumba haina mtu. Kwa mkaguzi mwenye mafaili elfu mezani, hiyo ni tofauti ya mchana na usiku.

Vancouver: usiponena, nyumba yako ni tupu

Jiji halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi hii mpaka mkoa wa British Columbia ulipoirekebisha sheria iliyoliunda, mwaka 2016. Kodi ikaanza kuhesabiwa mwaka uliofuata kwa asilimia 1 ya thamani ya makadirio ya nyumba. Mwaka 2020 ikawa asilimia 1.25, na mwaka 2021 ikarushwa hadi asilimia 3. Baraza la jiji lilipitisha ipande hadi asilimia 5 kwa mwaka 2023, kisha baraza jipya likairudisha kwenye 3 kabla ya yeyote kulipa ile ya juu. Tunaona hilo lilikuwa sahihi, na sababu iko mbele kidogo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mwishoni mwa mwaka kila mwenye nyumba ya makazi hupata tangazo lenye namba ya faili la nyumba na namba ya siri ya kuingilia. Anafungua ukurasa wa jiji, anaingiza namba hizo mbili, anachagua hali ya nyumba katika mwaka uliopita, anahifadhi risiti. Dakika chache tu. Mwisho wa kutoa tamko ni mapema mwezi Februari.

Wageni wengi wa mfumo huu hukosea kudhani kwamba tamko ni la wenye nyumba tupu. Hapana, ni la wote. Bibi anayeishi kwenye nyumba ileile kwa miaka 40 anatakiwa kutamka kila mwaka kwamba anaishi humo. Asipotamka, jiji linaihesabu nyumba kuwa tupu na kumtumia bili, pamoja na faini ya dola 250 kwa kutotamka. Bado anaweza kuchelewa kutamka na kuiondoa kodi, lakini faini inabaki. Tamko la uongo linaweza kumletea mtu faini ya hadi dola 10,000, mbali na kodi yenyewe.

Chukua nyumba iliyokadiriwa dola 1,500,000 za Kanada, ambayo Vancouver si kasri hata kidogo. Kodi ya kawaida ya jengo ni karibu asilimia 0.3, yaani takribani dola 4,500 kwa mwaka. Kodi ya nyumba tupu kwa asilimia 3 ni dola 45,000. Ukiipangisha nyumba hiyo utaingiza kodi ya pango. Ukiifunga utalipa dola 3,750 kila mwezi kwa ajili ya ukimya wake. Tajiri wa kawaida hapo anapiga hesabu na kutafuta mpangaji. Ndiyo maana hatukuona haja ya asilimia 5. Asilimia 3 imeshamsukuma yeyote anayejali fedha. Asiyejali 45,000 hatajali 75,000, na kinachobadilika ni kwamba bili kubwa zaidi humvuta wakili mahakamani haraka zaidi.

Nyumba huhesabiwa ina mtu ikiwa angalau miezi 6 ya mwaka ilikuwa makazi makuu ya mwenye nyumba, ndugu wa karibu au rafiki aliyeruhusiwa kukaa humo, au ilipangishwa kwa vipindi visivyopungua siku 30 mfululizo kila kimoja. Sharti la siku 30 ndilo fundi wa mfumo mzima. Wageni wa usiku mbili tatu hawahesabiki hata wakijaza kalenda yote. Mwenye nyumba hawezi kuikimbia kodi ya nyumba tupu kwa kuigeuza hoteli ndogo. Tangu mwaka 2018 jiji pia linamruhusu mtu kupokea wageni wa siku chache ndani ya makazi yake makuu tu, na Mei 2024 mkoa ukaweka sharti kama hilo kwenye miji yake mingi. Milango miwili, kufuli moja.

Na neno "makazi makuu" nalo lisipitwe haraka. Mtu mwenye nyumba kuu mji mwingine, anayekuja Vancouver kila wikendi na likizo zote, nyumba yake ya Vancouver bado ni tupu kisheria, hata kama friji imejaa na maua yananyweshwa. Wenye nyumba za pili hulichukia sharti hili kuliko jingine lolote, na sisi tunaliunga mkono kuliko jingine lolote, kwa sababu bila hilo kila nyumba ya mapumziko ingekuwa na hadithi.

Misamaha ipo, na mingi ina mantiki: mwenye nyumba amefariki, yuko hospitalini au kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nyumba imeuzwa ndani ya mwaka huo, kuna amri ya mahakama inayozuia isikaliwe, au mmiliki anaishi nje ya eneo la jiji kubwa lakini anafanya kazi jijini na hulala hapo angalau siku 180 kwa mwaka. Wenye kujenga vyumba vipya ambavyo havijapata mnunuzi nao waliongezewa msamaha wao, na huo ndio tunaouona dhaifu, maana unampa mjenzi nafasi ya kusubiri bei.

Msamaha wa ukarabati ndio unaowaangusha watu wengi. Hautolewi kwa sababu nyumba imevunjwa jikoni. Vibali viwe vimeshatolewa, kazi iwe imezuia watu kukaa humo kwa zaidi ya siku 180, na ionekane inasonga bila uzembe. Fundi aliyepotea miezi minne si kisingizio. Mtu aliyepeleka maombi ya kibali Machi na kukipata Novemba anaweza kujikuta nje ya msamaha. Atakayefanya matengenezo makubwa aweke kila kitu kwa tarehe: siku ya kupeleka maombi, siku ya kupata kibali, ankara za mafundi, picha za kila hatua.

Makosa mengine yanajirudia mwaka hadi mwaka. Kubwa ni kuchanganya kodi ya jiji na ile ya mkoa. British Columbia ina kodi yake ya ulanguzi na nyumba tupu tangu mwaka 2018, yenye tamko lake, na mwisho wake ni tarehe 31 Machi. Kwenye jiji, tamko moja linatosha kwa nyumba moja. Kwa mkoa, kila jina lililo kwenye hati miliki linatamka peke yake, mume na mke kila mmoja na la kwake. Mume akishamaliza la jiji na la mkoa kwa jina lake, mke hudhani familia nzima imemaliza, kisha bili inakuja kwa jina la mke. Na kulipa kodi moja hakukufutii nyingine.

Kosa la pili ni la wanunuzi. Kodi hii hufuata nyumba. Muuzaji asipotamka kwa mwaka uliopita, deni linaweza kumwangukia mnunuzi. Kabla fedha haijatoka, wakili wa mnunuzi aone uthibitisho wa tamko, na kiasi cha fedha kizuiliwe mpaka uthibitisho upatikane.

Kosa la tatu ni kuipuuza barua ya ukaguzi. Jiji huchagua matamko ya kukagua, mengine kwa kubahatisha, mengine kwa dalili za mashaka. Anayekaguliwa huombwa nyaraka: leseni ya udereva yenye anwani hiyo, bima ya nyumba au gari, karatasi za kodi ya mapato, mkataba wa pango, kumbukumbu za benki zinazoonyesha pango likiingia. Asipojibu, jibu ni lilelile la mwanzo: nyumba ni tupu. Aliyempa mpwa wake nyumba bure bila karatasi yoyote hana kosa lolote, ila atataabika kuthibitisha. Bili mbili za umeme kwa jina la mpwa zingemwokoa.

Imeleta nini? Idadi ya nyumba zinazohesabiwa tupu jijini imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu mwaka wa kwanza. Fedha iliyokusanywa, baada ya gharama za uendeshaji, huelekezwa kwenye nyumba za bei nafuu, na jumla yake imepita dola milioni 100. Nyumba za Vancouver hazijawa rahisi, na anayeishika huduma hii akitarajia bei ianguke ameshika dawa ya ugonjwa mwingine. Inarudisha sokoni nyumba zilizokwisha kujengwa, basi. Uhaba uliotokana na miaka mingi ya kujenga kidogo hauwezi kuzibwa nayo.

Wales: vifaa vizuri, bawaba zimelegea

Wales ina tatizo la sura nyingine. Si vyumba vya ghorofani vilivyonunuliwa na kufungwa, bali vijiji vya pwani na milimani ambako mnunuzi kutoka mbali hulipa bei ambayo kijana wa pale, mwenye mshahara wa pale, hawezi kuifikia. Shule inapungukiwa watoto, na lugha ya Kiwelshi inapungukiwa wasemaji palepale ilipokuwa ikisemwa dukani na barabarani. Kwa hiyo kipimo cha mafanikio huko si nyumba kupata mpangaji yeyote, bali kijiji kubaki na watu wake. Huduma inayopimwa kwa kipimo kizito hivyo ilihitaji kujengwa imara zaidi ya ilivyo.

Ina sehemu tatu, na zinaeleweka zaidi zikitazamwa moja moja.

Ya kwanza ni nyongeza ya kodi ya halmashauri, ile ambayo nyumba za kuishi hulipa kila mwaka. Sheria ya nyumba ya mwaka 2014 iliziruhusu halmashauri kuitoza nyumba ya pili hadi asilimia 100 juu ya kodi ya kawaida, kuanzia Aprili 2017. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 kikomo ni asilimia 300. Kila halmashauri huamua yenyewe. Gwynedd ilikwenda asilimia 100 mwaka 2021, kisha 150 mwaka 2023. Nyumba ambayo kodi yake ni pauni 2,000 kwa mwaka, ikiwa ya pili pale Gwynedd, inalipa 5,000. Pembrokeshire ilipanda hadi 200 mwaka 2024, ikashuka hadi 150 mwaka uliofuata, na kupanda na kushuka huko kunaharibu kazi: mwenye nyumba akiona kiwango kinayumba kila bajeti, anangoja badala ya kuuza.

Sasa linganisha na Vancouver. Nyongeza ya pauni 3,000 kwa nyumba ya pauni 300,000 ni asilimia 1 ya thamani. Inauma, lakini familia yenye nyumba mbili huibeba. Zaidi ya hapo, Wales haina tamko la lazima la kila mwaka kwa kila nyumba. Halmashauri hutegemea mwenye nyumba aseme, jirani aseme, au kumbukumbu zipishane. Wanandoa wenye nyumba mbili wanaweza kudai mume anaishi hii na mke ile, na afisa akabaki kukusanya ushahidi wa daktari gani, gari limesajiliwa wapi, kura imeandikishwa wapi. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa kwa faili moja.

Misamaha ya nyongeza nayo ina kona zake. Nyumba iliyo sokoni kwa kuuzwa au kupangishwa huachiwa nyongeza hadi mwaka mmoja. Mtu anaweza kuiweka kwa bei asiyoitaka mtu na kupumua miezi 12. Heri msamaha huo haurudiwi kwa mmiliki yuleyule kwa nyumba ileile mpaka iuzwe au ipangishwe kweli; bila sharti hilo ungekuwa shimo. Nyumba ambayo kibali chake cha ujenzi kinakataza kukaliwa mwaka mzima, au kinasema ni ya wageni tu, haitozwi nyongeza, na hilo ni haki: huwezi kumwadhibu mtu kwa kutoipangisha nyumba ambayo sheria yenyewe inamkataza kuipangisha.

Sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa ikivuja kuliko zote, na tunaisifu Wales kwa kuiziba. Nyumba ya wageni wa likizo hutozwa kodi ya majengo ya biashara, si kodi ya halmashauri. Zamani ilitosha iwe tayari kupangishwa siku 140 na ipangishwe kweli siku 70 kwa mwaka. Kwenye kodi ya biashara kuna unafuu wa biashara ndogo: jengo lenye thamani ya kukadiria (makadirio ya pango lake la mwaka, si bei yake) isiyozidi pauni 6,000 halilipi kitu. Nyumba nyingi za likizo ziko chini ya hapo. Kwa hiyo mwenye nyumba ya pili aliitangaza mtandaoni, akajaza wiki 10 za kiangazi, akahamia daftari la biashara, akalipa sifuri. Nyongeza ya asilimia 100 ya sifuri ni sifuri.

Tangu Aprili 2023 ni siku 252 za kuwa tayari na siku 182 za kupangishwa kweli. Siku za ndugu waliolala bure hazihesabiki. Asiyefikisha anarudishwa kwenye kodi ya halmashauri, na nyongeza juu yake, mara nyingi kwa kurudi nyuma hadi tarehe aliyopoteza sifa. Bili ya miezi 18 kwa mkupuo imewashtua wengi. Anayeendesha nyumba ya wageni aweke daftari la kila usiku: tarehe, jina la aliyelala, kiasi kilicholipwa, njia ya malipo. Picha ya kalenda ya mtandaoni peke yake haitoshi, kwa sababu haionyeshi fedha.

Hapa pia ndipo huduma inapomkamata asiye wake. Mkulima aliyegeuza banda kuwa nyumba ya wageni uani kwake, akapata usiku 160 kwa mwaka wenye mvua mbaya, hakumnyang'anya mtu nyumba. Banda hilo halikuwa nyumba ya kijana yeyote. Namba 182 haimtofautishi na yule aliyenunua nyumba ya safu katikati ya kijiji. Kigezo cha siku kilihitaji kuambatana na kigezo cha jengo: je, hii iliwahi kuwa nyumba ya kuishi?

Sehemu ya tatu inauliza swali hilohilo kwa njia ya mipango miji. Tangu Oktoba 2022 sheria za Wales zinagawa nyumba katika madaraja: C3 ni makazi makuu, C5 ni nyumba ya pili, C6 ni ya wageni wa siku chache. Zamani makazi makuu na nyumba ya pili vilikuwa chungu kimoja. Mgawanyo peke yake hauzuii kitu, maana kwa kawaida mtu anaruhusiwa kuhama kutoka daraja moja hadi jingine bila kibali. Halmashauri inayotaka kuzuia lazima itoe agizo maalumu la kuiondoa ruhusa hiyo kwenye eneo lake, na kama haitaki kulipa fidia, itangaze miezi 12 kabla.

Gwynedd ilifanya hivyo. Ilitangaza mwaka 2023, agizo likaanza tarehe 1 Septemba 2024. Madhara mawili yalionekana tangu mwanzo na yeyote angeyatabiri. Miezi 12 ya kungoja ni miezi 12 ya watu kuwahi. Na nyumba iliyokuwa ya pili kabla ya tarehe hiyo inabaki na hadhi yake hata ikiuzwa, kwa hiyo mnunuzi wa likizo anaitafuta hiyo na kuilipia zaidi, huku jirani yake, ambaye nyumba yake ni C3, akiona soko lake limepungua wanunuzi. Hili la pili halitukeri. Nyumba ya C3 kushuka bei ndilo lengo lenyewe. Lakini mwenye mkopo wa benki aliyenunua juzi anastahili kuambiwa waziwazi, si kugundua.

Mwaka 2025 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo. Kosa halikuwa nia. Wajumbe wa baraza waliwekewa taarifa iliyowaelekeza kuamini kwamba kila mabadiliko kutoka C3 kwenda C5 au C6 yangehitaji kibali, wakati sheria huhitaji kibali pale tu mabadiliko yanapokuwa ya maana, na hilo huamuliwa nyumba kwa nyumba. Sentensi za taarifa moja ya ofisini zikaangusha kazi ya miaka. Halmashauri yoyote inayotaka kufuata njia hii imkabidhi mwanasheria wa mipango miji taarifa ya baraza kabla ya kura, neno kwa neno, hasa mahali palipoandikwa "kila" na "zote".

Juu ya sehemu hizo tatu kuna kodi ya kununua. Tangu Desemba 2024, anayenunua nyumba ya ziada ya pauni 250,000 Wales hulipa pauni 14,950. Anayenunua ya kuishi kwa bei hiyohiyo hulipa 1,500. Ni kizingiti kizuri, kwa kuwa hulipwa siku ya kununua, hakihitaji mtu kuhesabu siku za mtu. Ila humgusa anayeingia tu. Aliyekwisha kuingia ameketi.

Ambako hatungeenda kuchukua mfano

Ireland ina kodi ya nyumba tupu inayotoza mara 7 ya kodi ya kawaida ya nyumba za makazi, ambayo yenyewe ni ndogo. Yasikika kubwa. Kwa viwango vya 2025, nyumba ya euro 300,000 ilikuwa na kodi ndogo ya euro 315, kwa hiyo mara 7 ni 2,205, chini ya asilimia 1 ya thamani. Na nyumba hukwepa kodi hiyo ikikaliwa siku 30 tu kwa mwaka. Likizo moja ya kiangazi inatosha.

St Ives, mji wa pwani huko Cornwall, Uingereza, ulipiga kura mwaka 2016 na zaidi ya asilimia 80 wakakubali kwamba nyumba mpya ziwe za makazi makuu tu. Neno la hatari hapo ni "mpya". Wanunuzi wa likizo walihamia kwenye nyumba za zamani, zilezile ambazo wenyeji walikuwa wakizinunua, na wajenzi wakapoteza hamu ya kujenga. Uswisi nayo, baada ya kura ya Machi 2012, ilikataza nyumba mpya za pili katika manispaa ambako zimeshapita asilimia 20 ya nyumba zote. Hiyo iliokoa mandhari ya milima, jambo ambalo waliolipigania walilitaka kweli. Nyumba zilizokwisha kuwa tupu haikuzifungua.

Kama unaiandikia halmashauri yako pendekezo

Anza na daftari kabla ya kiwango. Bila orodha ya nyumba zote zenye namba ya faili, anwani ya mmiliki na njia ya kumpata, tamko la lazima litaangukia wasiojua. Mwaka wa kwanza tuma tangazo mara tatu, kwa lugha zinazosomwa mtaani, na uweke dawati la simu na la ana kwa ana. Wanaosahau kutamka si walanguzi. Ni wazee, wagonjwa na waliofiwa. Vancouver ingefanya vyema zaidi kama anayeishi nyumba ileile angeruhusiwa kutamka mara moja na tamko likaendelea mpaka hali ibadilike. Toza kwa thamani ya nyumba, si kwa kuzidisha kodi ambayo yenyewe ni ndogo. Weka miezi 6 na siku 30 mfululizo. Funga mlango wa wageni wa siku chache siku ileile unayofungua kodi, si miaka 6 baadaye kama Wales ilivyochelewa kati ya 2017 na 2023.

Fedha inayoingia iwe na sanduku lake. Gwynedd huielekeza fedha ya nyongeza kwenye mpango wake wa nyumba, ukiwemo ununuzi wa nyumba sokoni ili zipangishwe kwa wenyeji, na hapo Wales inaishinda Vancouver kwa ukaribu: nyumba iliyokuwa ikifunguliwa Agosti tu inaweza kununuliwa na halmashauri na kuwekwa familia ndani yake kabla ya baridi. Ili hilo litokee, halmashauri iwe na mthamini, fundi wa kukagua paa na unyevu, na mamlaka ya kulipa ndani ya wiki chache, kwa sababu mwenye nyumba ya pili aliyeamua kuuza baada ya bili ya Aprili hatangoja kikao cha Septemba.